Mbwa Asiyebweka

Paka hawanisumbui. Panya wakianza kutoboa magunia ya mahindi, watu wenyewe hunipigia simu kuomba paka, naye huondoka ndani ya gunia ili asione njia ya kurudi. Wanaonichosha ni mbwa. Makao ya wanyama ya Embu mjini yakijaa, huniletea mmoja hapa Runyenjes nimlee mpaka apate mwenyewe, na huyo mwenyewe hana haraka. Nimechoka kusonga ugali mara mbili kila jioni. Nimechoka kuingia darasani nikinuka mifupa ya buchari.

Huyu wa mwisho, mwenye rangi ya chai ya maziwa, alikaa kwangu tangu kupanda mahindi hadi kuvuna. Aliokotwa sokoni, amepigwa mpaka akavunjika mguu. Mguu ulipona, lakini hakubweka hata mara moja. Watu walikuja kumtazama, wakampigia makofi, wakamtishia kwa fimbo, yeye kimya, wakaenda zao.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mume wangu alinitania. "Sasa huyu jembe lake liko wapi?"

Sikuwa na nguvu ya kucheka. Makao walikuwa wamepiga simu tena: kuna mbwa na watoto wake wanalala nje kwenye mvua, na nafasi iliyobaki ni ya kwangu tu.

Jumamosi akaja mama mmoja kutoka Kiritiri, anatafuta mbwa wa kulinda mbuzi. Nilimpenda. Alisema mbwa wake hulala jikoni na hawafungwi mnyororo.

"Na hii inabweka?"

Ningeweza kudanganya. "Haijawahi, mama."

"Aii, mwalimu! Si itaangalia tu mwizi akibeba mbuzi? Hiyo siwezi."

Akamaliza chai, akainuka, akaninyooshea mkono kuniaga. Mbwa akatoka chini ya kiti changu, akasimama katikati yetu na kubweka. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kuku wakatawanyika, naye hakunyamaza. Mume wangu alikuja mbio kutoka kwenye shamba la kahawa akidhani tumevamiwa.

Yule mama alirudi nyuma, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa hiyo ndiyo mbwa! Naenda nayo leo leo."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimeiombea sauti ile, na ilipokuja nilitaka kulia. Mbwa hulinda kwao. Huyu alikuwa ameshaamua kwamba hapa ndipo kwao, na kwamba mimi ni mtu wake. Nilifungua mdomo nikatae. Kisha nikawakumbuka wale wanaonyeshewa kule Embu, nikaufunga.

Mume wangu alileta kamba, akashindwa kuikaribia shingo ya mbwa. Ilibidi nimfunge mimi mwenyewe, maana hakukubali mtu yeyote anisogelee.