Miwani ya Msimbazi

Kaka yangu aliumwa kichwa wiki tatu, kisha akaanza kuona vitu viwili viwili. Nikampeleka kwa muuza miwani wa barabarani, pale Msimbazi. Kila alipojaribu moja nilimuuliza ananiona mmoja au wawili. Akajibu, "Bado wawili." Ya nane akasema afadhali, nadhani kwa sababu nilishaanza kufoka, nilikuwa nimeacha duka.

Hospitali walimtoa maji ya mgongo. Daktari akasema ni fangasi, wameingia kwenye utando wa ubongo kwa kuwa kinga yake imeshuka mno. Kumbe alikuwa ameacha dawa za VVU tangu mwaka jana, na hakuniambia. Tulimzika Alhamisi.

Ile miwani naivaa mimi sasa, dukani. Naona vizuri tu.