Kasia Lililotangulia

Verna Stallcup alikuwa fundi wa mabasi ya shule katika mji wa Cobre Wells, Arizona, na kwa miaka ishirini na mbili mkubwa wake wa kazi alijua jambo moja: theluji ya milimani ikianza kuyeyuka, Verna ataomba ruhusa. Kijito cha Salto Seco kilikuwa na maji siku tisa kwa mwaka, kumi mwaka ukiwa mwema. Siku zilizobaki kilikuwa mchanga, mawe na nyoka. Anayekitaka hukikimbilia, au asubiri mwaka mwingine.

Kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, alifundishwa na jirani yake, Orrin Pacheco, mchimba shaba, juma lile mumewe alipofungasha na kuondoka. Orrin alimkuta amekaa barazani tangu alfajiri, hajala, hajachana nywele. Hakumuuliza kitu. Alimwambia apande gari, akampeleka bwawani, akamfundisha kupinduliwa na kujiinua kwa kasia bila kutoka ndani ya chombo. Verna alikunywa maji mengi siku ile. Tangu hapo wakawa wawili wa korongo moja. Orrin alimwita Verna "fundi". Verna alimwita "mzee" hata kabla hajaota mvi. Mke wa Orrin, Celestina, ndiye aliyekuwa akiwasubiri kule chini kwenye gari, na tamale za moto, vile viandazi vya mahindi vyenye nyama, ndani ya taulo.

Mwaka wa ishirini na mbili Orrin alikuwa na miaka sitini na sita, Verna hamsini na mmoja. Waliingia majini saa moja asubuhi, kuta za mawe mekundu zimesimama pande zote mbili, mbingu imebaki utepe tu. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata vidole na rangi ya chai ya maziwa. Orrin alitangulia, kama kawaida.

"Umezidiwa na kitambi, mzee," Verna alimpigia kelele. "Kayaki inakulilia."

"Hiyo ni misuli ya akiba," Orrin akamjibu bila kugeuka. "Wewe fuata, usinihubirie."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho kabla ya kona ya tatu.

Kwenye kona ile palikuwa na poromoko dogo la maji, la urefu wa mtu, walilokuwa wamelishuka kila mwaka. Sasa halikuwapo. Kipande cha genge kilikuwa kimeanguka wakati wa baridi, kikaziba njia kwa mawe makubwa kama magari, na kijito kizima kilikuwa kinaingia chini ya mawe hayo kupitia pengo moja jeusi. Verna aliyaona yote mara moja. Alimwona Orrin akipiga kasia kinyumenyume kwa nguvu zake zote. Akaona kayaki ya njano ikilala ubavu, ikanyonywa, na Orrin pamoja nayo. Hakupiga kelele. Alizama kama barua inavyozama sandukuni.

Verna alijitupa ukingoni, akashika mzizi, akajinyoosha kuelekea pale. Katika kujinyoosha, kasia likamponyoka. Likaelea mpaka penye pengo, likasimama wima kidogo, likamezwa nalo.

Akapigwa na butwaa. Baadaye hakuweza kusema alikaa hivyo kwa muda gani. Anachokumbuka ni kwamba alianza kuhesabu, akafika mia tatu, akaona hesabu haina maana tena, akaendelea kuhesabu.

Halafu akafanya kazi. Alijifunga kamba, akapanda juu ya mawe, akaingiza mkono katika kila ufa. Alipuliza filimbi, lakini maji yalinguruma hata yeye mwenyewe hakuisikia. Ndani ya ufa mmoja aliigusa kayaki ya njano. Ilikuwa imekunjika katikati. Akaikwangua kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu, haikusogea hata unywele. Alifanya hivyo kwa saa nne. Jua lilipopita juu ya korongo na kivuli kikarudi, alijua kwamba anamtafuta maiti.

Nyuma ya kayaki yake alikuwa na kasia la akiba, la vipande viwili. Akaliunganisha, akabeba chombo mgongoni kuyapita yale mawe kwa juu, akashuka peke yake. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia Celestina. Alianza, "Dada, kaa kwanza." Akaona vibaya. Alianza, "Orrin hakuteseka." Akaona ni uongo. Hakulia. Mdomo ulimkauka kabisa, naye yumo katikati ya maji.

Korongo lilipofunguka, aliona ukingo wa mchanga wanapotokea siku zote. Gari halikuwapo. Palikuwa na mtu mmoja ameketi, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa mkanda, kasia limelala mapajani. Lilikuwa kasia la Verna.

Verna aliacha kupiga. Kayaki ikajiendea yenyewe mpaka ikagusa mchanga, hatua tano kutoka kwa mtu yule. Orrin alimtazama kama mtu anayetazama ukuta.

"Usinisogelee," alisema. "Wewe umekufa."

"Wewe ndiye uliyekufa," Verna akasema. "Nimeigusa kayaki yako."

"Kasia lako lilinipita. Nilingoja nyuma yake uje. Hukuja."

Ilikuwa hivi: maji yalimvua Orrin kutoka kwenye kayaki, yakampitisha gizani chini ya mawe, yakamtapika upande wa pili, zaidi ya kona, bega limeteguka. Kwa mkono mmoja ukuta haukupandika. Alikuwa bado anatapika maji alipoliona kasia linakuja tupu. Alingoja saa nzima, kisha akachechemea mpaka kwa mkewe kumwambia kwamba fundi amekwenda.

Verna alitoka majini, akaenda kumpiga kofi. Mkono ulipofika ukamshika ukosi badala yake, na vidole vikakataa kuachia.

"Celestina yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda kuwaita waokoaji." Orrin alimeza mate. "Na kumpigia Joleen."

Joleen alikuwa binti pekee wa Verna, muuguzi kule Tucson. Verna alihisi baridi ambayo maji ya theluji hayakumpa siku ile yote.

Celestina aliporudi na waokoaji alishuka garini, akamwona, akaketi chini palepale barabarani. Kisha wakaondoka mpaka mahali penye mtandao. Hapo alimpa Verna simu.

"Joleen, ni mama," Verna alisema.

Upande wa pili ikaja sauti ya binti yake, tulivu, ya kikazi: "Sijui wewe ni nani. Usinifanyie hivi leo." Simu ikakatwa. Alipiga mara tatu zaidi, haikupokelewa. Mwishowe Celestina ndiye aliyezungumza naye, naye Joleen akajibu neno moja tu, kwamba anakuja.

Alifika nyumbani kwa Verna machweo. Hakumkumbatia mama yake. Alisimama mlangoni akimtazama miguu, mikono, kucha zilizopasuka, kisha akamshika mkono na kumpima mapigo ya moyo, akitazama saa yake, kama anavyowapima wagonjwa. Alipima dakika nzima. Alipomaliza, akaanza upya.

Orrin hakurudi majini tena, wala hakuna aliyemwomba. Verna alirejea kazini siku ya nne. Kwa majuma mawili hakuweza kukaza nati bila kuishika spana kwa mikono yote miwili, na mtu akimwita kwa nyuma, aliitika kwa kuchelewa, kana kwamba kwanza anahakikisha ni yeye anayeitwa.