Mawe Meupe ya Likombe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifanya kazi ya kuchagua mawe kwenye banda moja la wapima madini, Likombe. Malori yaliyaleta kutoka bara. Sisi wanawake tuliyachagua kwa macho: yenye madoa meusi, dalili ya madini, tuliyatia masandukuni, meupe matupu tuliyatupa nje. Msimamizi aliruhusu watu wayachukue, wakajazia sakafu za nyumba zao.

Siku moja akaja fundi kijana, mtu wa Moshi, na taa yenye kioo cheusi. Mchana kweupe alituingiza mimi na wifi yangu chini ya turubai zito, jasho likitutiririka. Akachukua jiwe jeupe kutoka lundo la nje, akawasha taa. Mwanga wa taa sikuuona, ila jiwe liliwaka madoa ya buluu, kama makaa yasiyo na joto.

Wifi alipiga yowe, akatoka mbio. Mimi nilibaki.

"Usiogope, dada," fundi alisema. "Miale ya taa hii haionekani, lakini ikiyapiga madini, yanang'aa. Ndiyo tunayoyatafuta, ya kutengenezea nyuzi za taa za umeme."

"Kumbe tulikuwa tunatupa mali?"

Aliliweka jiwe chini. Alijaribu jiwe jingine, kisha jingine. Mwisho akauliza, "Mengine mliyoyatupa yako wapi?"

Nilijua yalipo. Yale mazuri zaidi mama yangu alikuwa ameyapanga juu ya kaburi la mdogo wangu, aliyekufa maji akivuka mto pale Kilambo.

Tulimwendea mama na turubai letu, tukamkuta kaburini. Fundi alimwamkia, akaeleza shida yake.

"Unataka kumfunua mwanangu?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nataka kuyatazama tu."

Mama akashika mwenyewe ncha ya turubai, tukaingia wote. Taa ilipowashwa, kaburi zima likawaka buluu. Mama alikaa mchangani kama aliyesukumwa.

"Mwanangu," alinong'ona, "kumbe umelala na taa."

Fundi alizima upesi, akaomba radhi, akaondoka bila kugusa hata kokoto.

Lundo la nje lilirudishwa bandani lote. Tukawa tunachagua kwa zamu chini ya turubai, na masanduku yakawa yanajaa kuliko zamani. Wifi hakurudi kazini. Alisema hawezi kula mshahara wa mawe yanayofumbua macho gizani.