Mbwa Mdogo Kwenye Miiba

Juzi hapa Habaswein nilimwona mbwa akiruka ua wa miiba bila kuguswa hata unywele, nikamkumbuka yule wa abti, yaani mjomba wangu. Abti alikuwa akifundisha mbwa wadogo kuwinda digidigi. Ua aliuweka chini, usawa wa goti, na pale pa kutua akamwaga mchanga laini.

"Mifupa yao bado maziwa," alikuwa akisema.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, alienda kisimani. Binamu yangu Dahir akaupandisha ua mpaka kifuani, akamwita mbwa kwa kipande cha nyama. Mbwa akaruka, akaning'inia kwenye miiba akilia. Palinuka vumbi na damu. Mimi nilikuwa nimefunga, Ramadhani yangu ya kwanza.

"Mguse uone," Dahir aliniambia. "Saumu yako imekwisha, wallahi."

Nikaficha mikono mgongoni mpaka abti aliporudi. Mguu ulikuwa umechanika vibaya, na mbwa yule hakuwinda kamwe.

"Mbona hukumshusha?" abti aliniuliza.

"Nimefunga, abti."

"Kumgusa mbwa hakuharibu saumu, binti yangu. Ungenawa tu."

Dahir alikuwa akisoma madrasa, mimi sikupelekwa. Yeye alijua.