Vimelea Ninavyovilisha

Kila asubuhi maabarani, kabla ya kazi nyingine yoyote, mimi huvilisha vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi. Huvibadilishia maji yenye serumu ya ng'ombe, huvirudisha kwenye joto la mwili, kisha hutazama kwa hadubini kama vinachangamka. Ni vya aina ileile iliyomuua baba.

Baba aling'atwa na mbung'o alipokwenda likizo kwao magharibi. Aliporejea kiwandani alianza kusinzia mashineni, na msimamizi akamfukuza kwa madai ya ulevi, yeye ambaye hakuwahi kuonja pombe. Ugonjwa ulipotambuliwa, alianzishiwa dawa. Moyo ukasimama kabla dozi haijakwisha.

Mama, anayeuza mitumba sokoni Gikomba, aliposikia ninachosomea uzamili aliacha kukunja nguo.

"Hao ndio walioniulia mume, na wewe unawapikia?"

"Nawahitaji wakiwa hai, mama, nijue walimfanya nini."

"Kwa hiyo mwizi akiingia kwangu nimpe chapati kwanza, ndipo nimuulize alipitia wapi?"

Mara nyingi nimeishika chupa ya dawa ya kuvimaliza, nikajiuliza kama mkono huo ni wa mtafiti au wa yatima.

Seli za misuli ya moyo wa panya, zikitiwa rangi inayong'aa kalsiamu inapopanda, humetameta kwa mpango: ishara, mkazo, utulivu. Nilipozichanganya na vimelea, zikawaka ovyo, kila moja na wakati wake. Hilo nilikuwa nimelitarajia. Nikavichuja vimelea vyote, nikabakiza maji tu vilimokuwa vikiogelea. Seli zikawaka ovyo vilevile. Havikuhitaji hata kuugusa moyo. Vilikuwa vimetema kimeng'enya, yaani enzaimu, nacho kikavuruga ishara zake. Kuviua kusingenitosha kamwe, maana mate yangebaki.

Nikaongeza kizuizi cha kimeng'enya hicho. Taratibu, seli zikarejea kwenye mpigo. Furaha niliyoipata haikuwa ya kisayansi; ilikuwa tamu, na mbaya.

Jumapili, baada ya ibada, nilimsimulia mama nyumbani, mtaa wa Shauri Moyo.

"Basi wamekufa?"

"Hapana. Wanaishi, wanatema, na moyo hauwasikilizi tena."

Alinimiminia chai, akifikiri.

"Na wenyewe wanajua kwamba hauwasikilizi?"

"Hawana akili ya kujua, mama."

"Hapo ndipo umeniudhi, mwanangu," akasema. "Ningependa wajue."