Bolti ya Upande Wake

Mafundi baiskeli wako wengi kama nzi wa machinjioni, lakini fundi aliyekaa miaka kumi na tisa bila kununua hata goroli moja alikuwa mmoja tu, na mtaa mzima ulimwita Hanunui. Jina lilianza kama tusi. Yeye akaligeuza cheo. Akalichora kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa nyumba yake ya vyumba viwili, herufi moja ikiwa imeangalia nyuma, na ole wako umwambie.

Duka la kuuza vipuri vipya lilikuwa pale kwenye kona, mtoto angeweza kulipiga jiwe. Hanunui akipita hapo alifumba jicho moja. "Wale wanauza," alisema, "mimi naumba."

Na kweli aliumba. Tatizo ni udongo alioumbia. Vipande vya kushikia breki alikata kwenye ndala, na ndala zilikuwa za mkewe. Tairi alizitoa kwenye rimu kwa kijiko cha kulia, kimepinda sasa kama mgongo wa mzee. Tundu la mpira wa ndani alilitafuta kwa kuuzamisha kwenye sufuria, na sufuria ilikuwa ile ile ya chakula cha jioni, ndiyo maana katika nyumba hiyo kila kilichopikwa kilikuwa na harufu ya gundi. Kiti cha kukalia kilikosa mguu, kikasimamishwa kwa matofali. Mlango wa chumbani ulikosa bawaba. Baiskeli za watu zilikuwa zinapona, nyumba inaumwa.

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye karakana ya kushona sare, ng'ambo ya kilima. Ni yeye aliyekuwa anaiweka nyumba mjini, kwa sababu fundi asiyenunua huwa pia hana wa kumlipa vizuri. Kila asubuhi alipanda baiskeli ambayo mumewe aliiunda kwa mabaki ya baiskeli nne, akateremka bondeni, akapanda kilima, akaingia getini kabla ya kengele. Kwenye karakana ile sheria ilikuwa fupi: ukichelewa mara tatu, unarudi kwenu. Mama huyu alikuwa ameshachelewa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu ya pini.

Pini yenyewe ni kipande cha chuma kinene kama kidole cha mtoto, kinachobana mkono wa pedeli usizunguke peke yake. Ikikatika, unakanyaga hewa.

Jumamosi jioni akarudi na pini mpya kutoka duka la kwenye kona, ina grisi na alama ya rangi ya buluu kichwani. Akaiweka mezani mbele ya mumewe.

"Mume wangu, naomba. Hii moja tu. Nifungie hii."

Hanunui akaiangalia kama mtu aliyeletewa panya kwenye sahani.

"Umeingia kwenye lile duka?"

"Nimeingia."

"Watu wamekuona?"

"Wameniona. Nikichelewa tena Jumatatu nimefukuzwa, na nikishafukuzwa tutakula spoku."

"Jirani!" Hanunui akaita dirishani, maana raha ya kumcheka mke haitoshi bila mashahidi. "Jirani, njoo uone! Mke wa mhunzi kanunua kisu! Hebu nizike!"

Jirani akacheka, na mke wa jirani akacheka. Mpiga pasi akachukua ndoo akaenda bombani. Lakini kabla ya kutoka alirudia, taratibu, kama mtu anayemwelekeza kiziwi: "Nifungie hiyo."

"Iache hapo, bibie. Kazi yangu naijua."

Jumapili, mama akiwa tena kwenye foleni ya maji, akaja mgeni anasukuma baiskeli ndefu ya kijani, pedeli inacheza kama jino bovu. Hakuwa mwingine ila msimamizi wa karakana, yule yule mwenye daftari la wachelewaji. Hanunui alivyomtambua, kifua kikamjaa. Akampa kile kiti cha matofali.

"Mkuu, hapa umefika. Mke wangu yuko kwako."

"Namjua. Fundi, nataka kitu cha uhakika, sitaki mambo ya ndala."

Hanunui akacheka, akachungulia boksi lake la mabaki. Hakuna. Akatazama mezani. Pini mpya ilikuwa inang'aa pale, na ibilisi akamwambia maneno mazuri. Mtu mzito kama huyu ukimtengenezea vizuri, hata mkeo utakuwa umemsaidia, si ndiyo? Dakika tano tu, pini ikaingia kwenye baiskeli ya kijani. Msimamizi akakanyaga, akazunguka uwanja, akatabasamu.

"Wewe ni fundi."

Neno hilo Hanunui alilila siku nzima, mchana na jioni.

Sasa ikabaki baiskeli ya mke. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijiambia. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akafungua bolti moja ya kitanda, upande anaolala mkewe. Akaisugua kwenye kizingiti mpaka ikakaa umbo la pini, akaipaka grisi, akaigonga kwa jiwe la kusagia. Mama aliporudi akauliza:

"Umenifungia?"

"Panda kesho ujionee. Imekaa kama imezaliwa humo."

Usiku kitanda kiliinama upande wa mama. Akadhani ni uchovu wake.

Jumatatu akawahi kuondoka. Bondeni akashuka salama. Katikati ya kilima akasimama juu ya pedeli akaweka uzito wote, na bolti ikakatika kama muwa. Goti likachubuka, kiganja kikajaa kokoto. Akainuka, akaanza kusukuma.

Nyuma yake kengele ikalia, kri-kri. Msimamizi alikuwa anapanda kilima kwenye baiskeli ya kijani, hata jasho hana.

"Aa, mama! Mumeo fundi kweli! Ona inavyokwenda!" Akanyanyua mguu amwonyeshe mkono wa pedeli. Mama akaona kichwa cha pini, na alama ya rangi ya buluu. "Kaza mwendo basi, geti halina shemeji."

Akampita.

Mama alipofika, geti lilikuwa limefungwa. Msimamizi mwenyewe alikuja dirishani na daftari, akalikata jina lake kwa rula ili mstari unyooke. Akampa bahasha ya malipo yake. Hakuwa na hasira naye hata kidogo, na hilo ndilo lililouma.

Akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani, akaziweka nusu mbili za bolti mbele ya mumewe. Jirani alikuwepo, maana jirani wa namna hiyo huwepo siku zote. Hanunui akainua kipande kimoja, akakichunguza kwenye mwanga kama daktari.

"Chuma hakina kosa," akasema. "Kosa ni mguu. Unakanyaga kama unaua nyoka!"

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wamenifukuza," mama akasema.

"Nani akufukuze, na mimi nipo? Yule msimamizi sasa ni kama ndugu yangu. Kaniita fundi kwa kinywa chake! Nitakwenda mwenyewe niongee naye, jioni umerudi kazini. Niletee tu pini yoyote."

Duka lilikuwa pale kwenye kona. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Mama alisimama kidogo, akautazama mlango ule ulioandikwa Hanunui, na ile herufi iliyoangalia nyuma. Kisha hakwenda dukani. Aliingia chumbani, akakaa humo muda wa kufungua bolti moja, akatoka nayo mkononi.

"Hii ni ya upande wako," akasema.

Hanunui akafurahi kweli kweli. "Jirani, unaona? Leo ndiyo kaijua kazi!"

"Isugue vizuri," mama akamwambia. "Na kilimani usikanyage kwa woga. Simama juu yake kabisa. Wewe mguu wako hauna kosa."

"Mimi wa kufundishwa?"

Akaisugua, akaigonga kwenye baiskeli ya mkewe, akapanda, mzito kuliko mkewe mara moja na nusu, akateremka anapiga mluzi.

Mama akaosha sufuria mara tatu, ile harufu haikutoka. Akawasha moto, akakoroga uji mwepesi. Jirani akachungulia.

"Mbona uji? Mwanaume atataka kutafuna huyo akirudi."

"Hatatafuna," mama akasema, akaendelea kukoroga.

Uji ulikuwa bado haujapoa walipomleta kwenye mkokoteni wa matofali, mdomo umevimba kama andazi, mapengo mawili mbele, na ule mkono wa pedeli kaukumbatia kifuani. Getini hakufika.

"Barabara..." akaanza kusema. "Barabara ndiyo..."

"Pole, fundi," mama akasema. Akammiminia uji kwenye bakuli, akaenda kwenye boksi la vyombo vya kazi, akamletea kile kijiko kilichopinda.