Nyaruot Alivyomlisha Luteni

Nyaruot Thiang alikuwa na miguu myembamba na ulimi mkali, na katika miaka yangu ya ukalimani kambini Bentiu, Sudan Kusini, hakuna aliyenichosha wala niliyempenda kuliko yeye. Kila Jumanne aliwaongoza wanawake kwenda kukata kuni nje ya ua, wakisindikizwa na wanajeshi wa kofia za buluu, wa Umoja wa Mataifa, waliotumwa kutulinda. Wanaume hatukutoka, tungeuawa. Mimi nilitoka kwa sababu nilijibanza ndani ya gari lao.

Mvua zilipoanza, Luteni Ganzorig, aliyewaongoza askari hao, alipewa amri na wakubwa wake: magari yasivuke kinamasi, na askari wasiyaache magari. Kuni zilikuwa ng'ambo. Jumanne hiyo wanawake tisa walivuka peke yao, wakarudi wanane.

Jumanne iliyofuata tulisimama palepale ukingoni mwa kinamasi. Askari wakafungua makopo yao ya chakula, na wanawake wakawapa mgongo. Luteni akaninong'oneza, "Wamenichukia, eh?"

"Hapana, afande. Sisi Wanuer, mwanamke na mwanamume wasio ndugu hawatazamani wakila."

Nyaruot akataka kujua tunasemezana nini. Nilipomwambia, alichukua bakuli lake la walwal ya mtama, akaketi mbele ya Luteni, akaanza kula huku akimtazama usoni. Wenzake wakashika midomo.

"Mama, unajiaibisha!" nikasema.

"Nyamaza, wewe unayekula umejificha nyuma ya kichuguu!" Akamsogezea Luteni bakuli. "Mwambie ale. Nikila naye uso kwa uso, ni mwanangu. Halafu mwanangu aniambie mwenyewe: nikivuka pale, atanitazama tu?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Ganzorig alikula mpaka bakuli likabaki tupu. Akaomba kwenye redio ruhusa ya kuvuka, akakataliwa. Akaiweka redio kitini, akashuka, akakunja suruali.

"Mwambie mama atangulie," alisema. "Njia anaijua yeye."

Askari sita wakamfuata majini. Siku hiyo tulirudi wote, tena na kuni.

Mwezi haukuisha, Luteni akarudishwa kwao kwa kukaidi amri. Nyaruot alilia waziwazi, kisha akaja kuniuliza mama mzazi wa yule kijana anaitwa nani. Sikujua.

"Basi mwandikie hivyohivyo," alisema, akijifuta machozi kwa kiganja. "Mwambie asimgombeze. Mwanawe ndiye pekee aliyefanya walichotumwa."